Penseli, Kipanya na Leseni

Mwongozo wa kozi ulikuwa na kurasa 14. Katika kurasa hizo zote, suala la programu ya kuchorea liligusiwa kwa sentensi moja tu: mwanafunzi ajipatie programu yoyote ya uchoraji wa kiufundi inayoweza kutoa faili za DWG na PDF. Sentensi ya aina hii, bila shaka, huandikwa na mtu ambaye programu yake ilinunuliwa na mwajiri. Kwa aliyeisoma, neno hilo "yoyote" lilikuwa na uzito uliokaribia ule wa karo yenyewe.

Mwanafunzi huyo ni mwanamke wa miaka 31, mkazi wa viungani mwa mji wa Machakos. Mchana huuza saruji, misumari na mabati katika duka la vifaa vya ujenzi. Jioni, kwa muda wa miaka sita sasa, amekuwa akimchorea mjomba wake ramani za nyumba kwa penseli. Mjomba ni mwashi aliyezeekea kazini. Anaujua ukuta kwa kuugusa, ila mkono wake haukuumbiwa rula. Ramani inayopelekwa serikali ya kaunti kuidhinishwa sharti itiwe sahihi na msanifu majengo aliyesajiliwa, na jambo hilo wote wawili wanalielewa. Yeye huchora, mwingine hukagua na kutia muhuri. Lakini siku hizi msanifu hataki karatasi iliyofutwafutwa. Anataka faili. Wateja nao, hasa wale wanaojenga nyumbani ilhali wanafanya kazi mbali, wanataka ramani wanayoweza kuifungua kwenye simu. Ndiyo sababu ya kujiandikisha kwa kozi ya masafa, maana duka halifungwi kwa ajili ya masomo ya mtu.

Elimu ya masafa si jambo geni nchini Kenya. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwafunza walimu shahada kwa njia hiyo mwaka 1986, enzi za moduli zilizopigwa chapa. Mwalimu wa fasihi aliyesoma hivyo alihitaji vitabu, kalamu na taa ya usiku, na akiishiwa na kalamu dukani hapakuwa mbali. Uchoraji wa majengo hauna bahati hiyo. Katika chuo cha kawaida, tarakilishi za maabara huwa zimekwisha kutiwa programu, na hakuna mwanafunzi anayeulizwa leseni ilitoka wapi. Anayesoma akiwa nyumbani ndiye maabara, ndiye fundi wa mitambo, na ndiye afisa wa ununuzi.

Jina la kwanza kufika masikioni mwake lilikuwa AutoCAD. Programu hiyo ya kampuni ya Autodesk ya Marekani ilitoka Desemba 1982, na imeenea hata watu wengi wakalifanya jina lake kuwa jina la kazi yenyewe. Hapo zamani mtu aliweza kuinunua mara moja akaimiliki. Tangu mwaka 2016 kampuni iliacha kuuza leseni mpya za kudumu. Sasa hukodishwa, na kodi ya mwaka mmoja ni takriban dola 2,000 za Marekani. Toleo jepesi, AutoCAD LT, hugharimu kama robo ya kiasi hicho. Kwa mshahara wa duka la saruji, hata robo hiyo ni kazi ya miezi mitatu na ushei, bila kula.

Njia ya mkato ilikuwepo, tena karibu. Kijana mmoja anayetengeneza simu katika kibanda kilicho mkabala na kituo cha matatu alikuwa na programu hiyo kwenye kidude cha kuhifadhia data.

"Dada, hii haina matata. Mia tano tu, na nitakuwekea mwenyewe."

"Na ikiniuliza leseni?"

"Haiulizi. Wewe zima intaneti, halafu uzime na ile ya kukinga virusi. Ukimaliza utawasha."

Mazungumzo yaliishia hapo. Wengi hulijadili suala la nakala za wizi kana kwamba ni la maadili na sheria pekee, na kweli Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazilinda programu za tarakilishi sawa na inavyovilinda vitabu. Lakini kilichomrudisha nyuma mwanamke huyu kilikuwa cha karibu zaidi. Kipakatalishi hicho ndicho kilichohifadhi daftari la madeni la duka. Kuambiwa afungue mlango, amfukuze mlinzi, kisha amkaribishe mgeni asiyemjua: hilo hata mtu asiyejua neno moja la sheria angelikataa.

Ikabaki leseni ya mwanafunzi. Autodesk huwapa wanafunzi na walimu programu zake bila malipo, kwa mwaka mmoja unaoweza kuhuishwa maadamu mtu angali anasoma. Masharti yake ni mawili. Kwanza, athibitishe kwamba amesajiliwa katika taasisi inayotambuliwa. Jina la chuo chake halikujitokeza katika orodha, kwa hivyo alitakiwa kutuma barua yenye jina lake, jina la chuo na tarehe. Barua hiyo ilichukua majuma matatu kutoka ofisi moja hadi nyingine. Sharti la pili halikuhitaji barua, na ndilo lililomkosesha usingizi: leseni hiyo ni ya masomo tu, si ya kazi ya malipo.

Hapa ndipo ugumu wa jambo hili ulipo, na ni ajabu kwamba washauri wengi huupita bila kuugusa. Humwambia mwanafunzi "chukua ya bure ya wanafunzi" kana kwamba kila mwanafunzi ni kijana anayetumiwa pesa na wazazi. Anayesoma kwa masafa aghalabu ni mtu mzima mwenye kazi, na kazi yenyewe ndiyo inayolipa karo. Mwanamke huyu angechora zoezi la mwalimu kwa programu moja saa mbili usiku, kisha saa nne amchoree mjomba nyumba ya mteja kwa penseli ileile ya miaka sita, kwa kuwa leseni imemkataza. Au angevunja ahadi aliyoitilia sahihi. Fauka ya hayo, kipakatalishi chake kina kumbukumbu ya gigabaiti nne, ilhali matoleo ya karibuni ya AutoCAD yanadai nane kwa uchache, na kuipakua kunameza gigabaiti za data ambazo hununuliwa kwa vifurushi.

Akageukia zile zinazoitwa za bure. Kiswahili, kwa bahati, kimetenganisha mambo mawili ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya. Kitu cha bure ni kisicholipiwa, na neno hilohilo humaanisha pia kazi isiyo na faida, kama mtu aliyekwenda sokoni bure. Kitu huria ni kile ambacho hakuna anayeweza kukufungia. DraftSight, ya kampuni ya Kifaransa ya Dassault Systèmes, ilikuwa ya bure kwa miaka kadhaa na ilipendwa mno na wanafunzi. Mwaka 2019 kampuni ikabadili mpango, na mwaka ulipokwisha nakala zile za bure zikakoma kufanya kazi. Kampuni haikumwibia mtu. Ilikuwa mali yake. Ila waliojifunza kwayo waliamka Januari 2020 wakiwa na faili na hawana cha kuzifungulia mpaka walipe au wahame.

Programu huria hazina hatari hiyo. Alizijaribu mbili. FreeCAD, iliyoanza mwaka 2002 na kufikia toleo la 1.0 Novemba 2024, hujenga umbo zima lenye urefu, upana na kina, na ina sehemu maalum ya kupangia michoro kwenye karatasi. Ni programu yenye uwezo, lakini kwenye kipakatalishi chake ilitembea kama punda aliyebeba maji. LibreCAD, iliyochipuka kutokana na toleo huria la QCAD, huchora kwa vipimo viwili tu, urefu na upana. Kuipakua ni makumi ya megabaiti, si gigabaiti. Haimkatazi mtu kuitumia kwa kazi ya malipo. Kasoro yake ya wazi ni kwamba huhifadhi faili za DXF, wala haihifadhi DWG, na mwongozo wa kozi ulidai DWG.

Suluhisho la hilo lilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Open Design Alliance, muungano ulioanzishwa mwaka 1998 ili DWG isiwe siri ya kampuni moja, una kigeuzi kisicholipiwa kinachobadilisha DXF kuwa DWG. Alichora nyumba ya vyumba viwili vya kulala, kuta za nje milimita 200, za ndani 150, akaigeuza, kisha akaomba ifunguliwe kwenye tarakilishi ya msanifu anayewatilia muhuri. Mistari ilifika salama. Maandishi yalibadilika umbo kidogo, na michirizi ya kuonyesha zege ikawa minene mno. Mambo ya kurekebishika.

Kikwazo kikubwa kilikuja kimyakimya. Katika AutoCAD, mchoraji hupanga karatasi moja ikabeba michoro ya skeli tofauti, kila mmoja ukiwa na dirisha lake. LibreCAD haina mpango huo. Zoezi la pili lilidai ramani ya sakafu kwa skeli ya 1:100 na mchoro wa kina wa mlango kwa 1:20, vyote kwenye karatasi moja. Njia pekee ni kuukuza mchoro wa mlango mara tano, kisha kuiambia programu igawe vipimo kwa tano visije vikasomeka vilivyokuzwa. Alifanya la kwanza. Kabla hajalifanya la pili, alichapisha nakala ya majaribio na kumwonyesha mjomba.

Mzee aliivuta karatasi karibu na dirisha.

"Mwanangu, hii nyumba ni ya watu au ya lori?"

"Kwani vipi, mjomba?"

"Mlango mita nne na nusu."

Ilikuwa 4,500 mahali pa 900. Walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na baridi ndani yake. Penseli haijawahi kumfanyia hivyo, kwa sababu penseli haihesabu. Kipimo huandikwa na mkono unaokijua. Tangu siku hiyo haikutoka karatasi bila vipimo vyote kusomwa kwa sauti, mmoja akisoma, mwingine akisikiliza. Ni desturi ambayo hata wenye programu za dola 2,000 wangefanya vyema kuiiga.

Alimwandikia mwalimu wa kozi barua-pepe fupi akiuliza kama DWG iliyogeuzwa itakubaliwa, na kama mazoezi ya mhula wa kwanza yana umbo lolote la vipimo vitatu. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: itakubaliwa, mradi matabaka yapewe majina ipasavyo, na vipimo vitatu vitaanza mhula wa tatu. Maswali mawili hayo yalimwokolea pesa kuliko ushauri wote aliopewa kibandani na dukani. Uamuzi ukajipanga wenyewe. LibreCAD kwa mazoezi ya mihula miwili na kwa kazi za mjomba. Leseni ya mwanafunzi ya AutoCAD aiombe mhula wa tatu, atakapoazima tarakilishi ya binamu yake, na aitumie kwa masomo tu. Matangazo ya kazi Nairobi huitaja AutoCAD kwa jina, na si busara kujifanya hayasomeki.

Jambo moja halikuwa katika hesabu zake. Amri za programu zote alizozijaribu alizisoma kwa Kiingereza, na katika daftari lake aliziandika upya kadiri alivyozielewa: kata, refusha, zungusha, akisi, sambaza. "Tabaka" alilipata bila kutafuta, maana amekulia katika nyumba ya mwashi na anajua mawe hupangwa tabaka kwa tabaka. Wapenzi wa lugha watakumbuka kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili, na uliweza kufanya hivyo bila kumpigia mtu magoti kwa kuwa OpenOffice ilikuwa huria. Daftari la duka la saruji lina kurasa sita za istilahi za uchoraji. Ziko kwa penseli, na hakuna aliyeziomba bado.

Zoezi la pili lilirudi likiwa na alama 68 na maneno machache pembeni: mistari ya kuta za nje iwe minene zaidi. Alirekebisha unene, akachapisha nakala mbili za A3 na kumpelekea mjomba kwenye mjengo. Mzee aliukagua mlango kwanza. Kisha akakunja karatasi moja, akaitia mfukoni mwa koti. Ile nyingine akamrudishia, akamwomba amtumie kwa simu mwenye nyumba, aliyekuwa Mombasa.