Kasongo: Kazi Yenye Nyumba, Kazi Yenye Dola

Msomaji mpendwa, umekwisha kufika Kasongo? Kama bado, panda nyuma ya pikipiki twende pamoja. Kutoka Kindu unavuka Lualaba mpaka Alunguli, halafu ni karibu kilomita 240 kuelekea kusini. Kwenye ramani wanaiita njia ya taifa. Mgongo wangu unaiita jina lingine.

Mvua ilitukuta mbele ya kufika Kipaka. Tulishuka, tukasukuma pikipiki katika matope, halafu tukajificha chini ya paa la mama mmoja muuza mchele. Dereva wangu, kijana asiyepita miaka 23, akanieleza habari yake. Pikipiki si yake. Kila jioni anapeleka fedha kwa mwenyewe, na kile kinachobaki ni chake. Siku nzuri anakula kuku. "Lakini Pasta," akasema, "nikiugua leo, nani atanipa dawa? Mwenye pikipiki ataipa mtu mwingine kesho asubuhi." Akacheka, mvua ikapungua, tukaenda. Neno lile lilinisumbua njia yote, kwa maana nilikuwa nakwenda Kasongo kwa shauri lenye kufanana na lile.

Shauri lenyewe ni hili. Dada yangu mkubwa anakaa Kasongo, na mtoto wake wa kwanza amemaliza masomo ya uuguzi. Walimwita kazini mahali pawili katika juma moja, jambo ambalo halitokei kwa watu wengi kwetu. Kazi ya kwanza ilikuwa ya ONG moja: kontra ya miezi 6, mshahara wa dola, mara tatu kuliko ule mwingine. Kazi ya pili ilikuwa katika hospitali ndogo ya misioni upande wa Kabambare. Mshahara kidogo, na watu walisema unachelewa. Lakini palikuwa na nyumba ya matofali, shamba la kulima, matibabu ya jamaa yote, na masomo ya watoto karibu. Mtoto huyu ameoa, na mke wake alikuwa na mimba ya miezi 7. Dada akanitumia ujumbe: "Kuja useme naye. Sisi tumechoka kubishana."

Nami nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni kabla ya kuanza safari. Nitakuambia sababu mbele kidogo.

Kwanza tazama mji. Kasongo ni mji wa barza. Watu wanakaa mbele ya nyumba, wanasalimiana taratibu, na hakuna anayekuuliza habari kabla ya kukuuliza hali ya watu wa nyumbani. Waislamu ni wengi, adhana inakuamsha mapema kuliko jogoo, na mchele wa huku usiulize! Lakini Kasongo unaouona leo si ule wa zamani. Mji wa Tippu Tip na watu wa pwani ulikuwa mahali panapoitwa Tongoni, maana yake kwenye magofu. Majeshi ya Dhanis yaliuteka mwezi wa 4 mwaka 1893, na baadaye mji ukahamishwa.

Kutoka hapo misafara ilikwenda Ujiji na mpaka pwani. Mpagazi aliyeajiriwa alipewa posho, yaani chakula cha njiani, ao kitambaa na ushanga wa kukinunulia. Mpagazi mwenye akili aliuliza habari ya posho kabla ya kuuliza habari ya mshahara, kwa sababu mshahara ni wa mwisho wa safari, na tumbo ni la leo. (Wengine waliobeba mizigo ile walikuwa watumwa. Hao hakuna aliyewauliza wanapenda nini.) Neno posho halikufa pamoja na misafara. Wewe unayesoma huko Kalima, Kampene, Likasi ao Kolwezi, uliza wazee wako, watakuambia lilifika mpaka kwenye kampi zenu.

Siku ya pili nilikwenda sokoni. Kwenye ukuta wa biro moja palibandikwa matangazo matatu ya kazi, na watu kama ishirini walisimama wanasoma. Nikasimama nami. Unajua mimi napenda kusikia watu. Nikagundua kwamba kila mtu alikuwa anasoma karatasi ile ile, lakini jicho lake lilisimama mahali pengine.

Kijana mmoja, bila mke, alitafuta tarakimu tu. Alipoona "mshahara unapatanwa" akatema mate chini. Binti mmoja wa Chuo Kikuu alifurahia mstari mmoja uliosema watapewa mafundisho na sertifika. Alisema kazi itakwisha lakini sertifika haiishi. Maalim mmoja mwenye kofia nyeupe aliuliza kwa upole kama saa za kazi zinaacha nafasi ya sala ya Ijumaa. Wengine wakacheka, lakini mimi sikucheka. Kwangu mimi ni Jumapili, na nimekwisha kuwaona Wakristo walioacha mshahara mzuri kwa sababu ya siku hiyo.

Mama mmoja alinikalisha muda mrefu. Ana watoto watano, mume wake amekwenda kuchimba dhahabu upande wa Salamabila na habari zake zinafika mara mbili kwa mwaka. Yeye ni mwalimu. Miaka mitatu amefundisha kati ya wale wanaoitwa "unités mpya", yaani yuko darasani lakini jina lake halijafika kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, masomo ya msingi ya serikali yalipotangazwa kuwa ya bure, hata ile prime ya wazazi haikupaswa kuombwa tena. Nikamuuliza anatafuta nini kwenye karatasi zile. Hakusema fedha. Alisema: "Matibabu, Pasta. Mwezi uliopita malaria ilichukua kila kitu nilichokuwa nacho, na mtoto mwingine akaugua juma lililofuata. Mtu akinipa mshahara mkubwa, malaria inaula. Mtu akinipa matibabu, hata mshahara kidogo utabaki mkononi." Nilifanya hesabu kichwani. Mama yule alihesabu vizuri kuliko mimi.

Na mzee mmoja wa miaka 50 na kitu, fundi wa magari, aliuliza neno moja tu: "Wanalipa CNSS?" Vijana hawakujua ni nini. Ni sanduku la serikali la pensheni, lililochukua nafasi ya INSS mwaka 2018. Mfanyakazi anakatwa 5 kwa mia ya mshahara, mwajiri anaongeza 13 kwa mia juu yake. Kijana wa miaka 20 anaona 5 zilizokatwa. Mzee anaona 13 zilizoongezwa.

Sasa sababu yangu. Mimi nilizaliwa katika kampi ya mgodi. Jina la kampuni si kitu. Baba alikuwa na nyumba namba fulani, posho ilikuja na gari, tulizaliwa wote katika hospitali ya kampuni bila kulipa hata franka moja, na daftari za masomo tulipewa. Baba alikataa mara mbili kazi ya mshahara mkubwa zaidi mjini. Alisema: "Mjini nitapewa fedha, hapa nimepewa maisha." Halafu kazi ikafungwa. Katika muda usiofika mwaka mmoja hospitali ilibaki na vitanda bila dawa, masomo yakabaki na walimu bila mshahara, na sisi tukaambiwa nyumba si yetu. Baba hakuwa na akiba, kwa maana alikuwa hajapata kuhitaji akiba. Nilikuwa kijana wa miaka 16. Tangu siku ile nilisema: mtoto wangu achukue fedha mkononi.

Lakini safari hii ilinifanya nifikiri tena kwa nini makampuni yalitoa vitu vile. Tazama Union Minière ya Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906. Mwanzoni walichukua wanaume peke yao kwa kontra fupi. Wengi waliugua, wengi walikufa, wengine walitoroka. Mwisho wa miaka ya 1920 wakageuza njia: kontra ya miaka 3, mke aje, nyumba, posho ya mke na ya watoto, hospitali, masomo. Haikuwa huruma tu. Mtu mwenye mke jikoni na mtoto darasani hatoroki usiku. Na kontra fupi haikuvuta watu wa namna moja na kontra ndefu: ya kwanza ilivuta kijana anayetafuta mahari, ya pili ilivuta baba wa jamaa. Kampuni ilichagua watu wake kwa njia ya vitu ilivyotoa, hata kabla ya kuwaona uso.

Kwetu Kivu na Maniema makampuni ya bati na dhahabu yaliungana mwaka 1976 yakawa SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka katika dunia yote, na mwaka 1997 SOMINKI ikavunjwa. Katanga nayo, tangu mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines walipokea fedha ya mwisho wakatoka kazini, katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Na hapa karibu, katika teritware ya Kabambare, mgodi wa Namoya wa kampuni Banro ulianza uchimbaji wa kibiashara mwezi wa kwanza mwaka 2016, ukasimama mwaka 2019 kwa sababu ya usalama. Ni kazi ya miaka mitatu na kitu tu. Kijana aliyejenga nyumba kwa mshahara wa Namoya alibaki na nyumba. Aliyelala katika kampi alibaki na godoro.

Basi jioni tulikaa barzani kwa dada. Mpwa wangu alileta karatasi zote mbili. Nilianza kusema maneno yangu ya dola, nikiwa na uhakika kama mtu anayehubiri. Shemeji akakubali kwa kichwa. Dada alinyamaza. Ndipo mke wa mpwa, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu tangu juma lile lilipoanza, akasema toka mlangoni, akiwa amepiga magoti kidogo kwa heshima: "Baba Pasta, samahani. Ile ya dola, wameandika matibabu yangu?"

Tukasoma. Hayakuandikwa. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema wazi kwamba mwajiri anapaswa kumtunza mfanyakazi na jamaa yake wakati wa ugonjwa na wa kuzaa. Hiyo si zawadi. Sheria ile ile inampa mama mfanyakazi majuma 14 ya kupumzika kwa uzazi. Lakini kontra ilikuwa kimya. Asubuhi mpwa alikwenda kuuliza, akajibiwa kwamba fedha ya matibabu imo ndani ya mshahara. Msomaji, jibu la namna hiyo wewe unalionaje? Mimi nilipotoa kodi ya nyumba, chakula cha soko, na gharama ya kuzaa kama atapasuliwa, ile mara tatu ilibaki kama mara moja na nusu. Na baada ya miezi 6, sifuri.

Yule mke akauliza tena: "Na huko misioni, kuna munganga anayepasua?" Yuko. "Na mshahara unachelewa miezi mingapi?" Hapo mpwa hakujua. Alimpigia simu muuguzi mmoja wa huko, akaambiwa miwili, mara nyingine mitatu. "Na CNSS?" nikauliza mimi, nikimkumbuka mzee fundi. Wanalipa, muuguzi yule alikuwa na namba yake. "Na siku nikifa mimi," mpwa akasema akicheka, "mke wangu atakaa nyumbani mle siku ngapi?" Hakuna aliyecheka pamoja naye. Muuguzi alijibu kwamba desturi ni miezi mitatu, lakini haijaandikwa popote.

Yakobo alipokaa kwa Labani aliomba mbuzi wenye madoa kuwa mshahara wake, si fedha. Nilikuwa nimehubiri habari ile mara nyingi nikidhani ni ujanja tu. Usiku ule niliona kwamba Yakobo alikuwa na wake na watoto, na mbuzi ni mali ambayo mtu anaondoka nayo.

Mpwa alichukua kazi ya misioni, lakini aliomba mambo mawili yaandikwe: kwamba shamba atakalolima ni la kuvuna yeye hata kama kontra imekwisha katikati ya msimu, na kwamba habari ya nyumba na mjane iwekwe kwenye karatasi. La kwanza walikubali. La pili wanasema watalipeleka kwenye kamati. Dada alifurahi. Shemeji mpaka leo anasema tumemnyima mtoto dola.

Kazi ile ya ONG ilipewa kijana mmoja asiye na mke, yule aliyetema mate mbele ya ukuta. Nilimwona siku ya kuondoka, amevaa viatu vipya, ananunua pikipiki kwa mkopo. Nilimpa mkono. Kwake yeye nadhani alichagua vizuri.

Nilirudi Kindu na dereva yule yule. Njiani akaniuliza CNSS ni kitu gani, na kama mtu wa pikipiki anaweza kuingia. Tulizungumza habari hiyo mpaka Kipaka.

Ninapoandika haya mtoto amezaliwa, msichana, kwa kupasuliwa, na mama yake ni mzima. Mshahara wa miezi miwili haujafika. Wanakula muhogo wa shamba, na kamati bado haijakaa.