Bushi nane na kelele moja

Leo naweka tarakilishi kando nizungumzie gari. Mliokuja kutafuta mambo ya hifadhidata msiondoke, mwishoni mtaona kwamba ni yale yale :-)

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2008, ya milango mitano, lililotoka Japani na injini ya turbo ya lita 2.0. Kiwandani lilipewa nguvu za farasi 308 na msokoto wa Nm 422. Nilipolinunua lilikuwa na kasoro moja tu. Ukiachilia klachi katika gia ya kwanza: gong! Ukiondoa mguu kwenye mafuta kisha ukakanyaga tena: gong! Sauti ilitoka chini ya kiti cha nyuma, na hapo ndipo mama hukaa kila mwezi ninapomtoa Naivasha kumleta kliniki Nairobi.

"Mwanangu," aliniambia siku moja, "kuna mtu anabisha hodi huku nyuma."

Fundi wa kwanza aliliendesha hadi mwisho wa barabara, akarudi na hukumu: difu imekufa, tafuta nyingine. Bei aliyotaja ilikuwa mshahara wangu wa miezi miwili. Sasa, kazini mtu akiniambia tubadilishe seva nzima kwa sababu ukurasa mmoja unachelewa, humwuliza: umepima nini? Nikaona nijiulize swali hilo hilo.

Kwa wasiojua, difu ni lile bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma. Hupokea mzunguko kutoka kwa propela, huugawa kushoto na kulia, na huliacha gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani kwenye kona. Haifungwi moja kwa moja kwenye bodi. Inashikwa na fremu ndogo, na fremu hiyo ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Kila vyuma hivi vinapokutana kuna bushi, yaani mpira wa mviringo wenye bomba la chuma katikati. Kwenye gari langu difu ina nne na fremu ndogo ina nne. Jumla nane.

Kazi ya mpira huo ni kumeza mtetemo, na kazi yenyewe si ndogo. Piga hesabu: Nm 422, gia ya kwanza inazidisha kwa 3.636, difu kwa 3.9. Kwa mgao wa kawaida wa gari hili asilimia 59 inakwenda nyuma, kwa hiyo ekseli za nyuma zinaweza kupata karibu Nm 3,500. Ekseli zikisukuma magurudumu yaende mbele, difu nayo inasukumwa kinyume, pua yake inataka kuinuka. Ukiachia mafuta inashuka. Kinachoizuia ni zile bushi tu.

Jumamosi moja nikampelekea gari mzee mmoja wa gereji ya jua kali. Hakutaka hata kuliendesha. Aliliinua kwa jeki, akaliweka juu ya stendi, akaingiza mtarimbo kati ya difu na fremu.

"Injinia, lala chini uone."

Akasukuma kidogo tu. Difu yote ikapanda kama upana wa kidole, na mpira ukafunguka mdomo kama samaki aliyevuliwa. Kisha akashika propela akaitikisa huku na huku. Ndani ya difu hapakuwa na ulegevu wa kutisha.

"Difu yako ni nzima," akasema. "Nyumba yake ndiyo imelegea."

Hapo ningenunua mpira mpya mambo yakaisha. Lakini mimi ni mtu wa kuboresha :-) Niliagiza bushi za poliyurethani, ile plastiki ambayo familia yake ilizaliwa Ujerumani mwaka 1937 katika maabara ya Otto Bayer. Ugumu wake hupimwa kwa kipimo cha Shore A, namba ikipanda kitu ni kigumu zaidi. Nikachukua za 95, zote nane. Mzee alizibonyeza kwa kidole gumba, akaniuliza, "Hili ni gari la mashindano, au la kumbeba mama?" Nikacheka.

Kazi ilichukua siku mbili. Ekzosi ya nyuma ilitoka, propela na ekseli zikafunguliwa, difu ikashushwa, kisha fremu ndogo. Mafundi wengi huchoma mpira wa zamani kwa gesi. Mzee alikataa kwa sababu ya moshi, akakata vikombe vya chuma kwa msumeno na kuvisukuma nje kwa presi.

Matokeo? Gong ilikwisha kabisa. Ukigusa mafuta gari linaondoka papo hapo, na kwenye kona sehemu ya nyuma inafuata ya mbele bila kujifikiria. Nilitabasamu wiki nzima. Ila kuanzia kilomita 80 kwa saa kukawa na mlio mwembamba usiokwisha. Ulikuwa mlio wa meno ya difu. Ulikuwepo siku zote, mpira ndio uliokuwa ukiuficha.

Mama alikaa kimya safari nzima. Tulipofika akashuka taratibu, akashika kiuno. "Leo hakuna aliyebisha hodi," akasema. "Ila nimesafiri ndani ya kinu cha kusagia unga." Mwezi uliofuata alinipigia simu kwamba atapanda matatu, nisijisumbue.

Hilo liliniuma kuliko bei ya bushi.

Nikarudi kwa mzee, safari hii nikiwa na adabu. Tulibadilisha kitu kimoja tu. Bushi nne za difu tuliziacha ngumu, zile nne za fremu ndogo tukarudisha mpira mpya wa kiwandani. Kwa njia hiyo difu haichezi, na mlio wake unakutana na mpira kabla haujafika kwenye bodi. Gong haikurudi. Mlio umebaki kidogo, ukizima redio utausikia. Nililipa ufundi mara mbili kwa sababu nilibadilisha vitu vinane kwa mkupuo na sikujua kipi kimeleta nini.

Kazini tunaweka foleni kati ya programu mbili ili mtikisiko wa moja usiiangushe nyingine. Ikichakaa, tunailaumu programu. Na tukiiondoa kabisa kwa kutafuta kasi, tunashangaa mbona kila kitu kinapiga kelele. Siku hizi kabla ya kung'oa kitu laini, nauliza kwanza kinamkinga nani.

Mwezi uliopita nilimfuata mama Naivasha. Alisinzia kabla hatujafika Limuru.

Haya, wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata.