Wapambe Hawakualikwa

Waandishi wachanga tukikutana vijiweni huwa tunabishana kuhusu wachapishaji, kuhusu nani kamuiga nani, na kuhusu mashairi huru kama ni mashairi kweli. Juu ya mashine tunayoandikia hatusemi kitu, utadhani riwaya hujichapa yenyewe usiku tukiwa tumelala. Mimi leo nataka kuisema mashine. Nataka kusema jambo moja ambalo najua wenzangu watanicheka nalo: namna ya kuweka eneokazi kwenye kompyuta kuukuu bila kukikubali kila kitu kinachotaka kuingia nalo mlangoni.

Hali yangu ni hii. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka mbele, na sasa nauza vocha na kuchaji simu za watu kwenye kibanda cha binamu yangu, Mbagala. Riwaya yangu imo ndani ya madaftari matano, yale makubwa ya kaunta, kwa kalamu ya buluu na penye masahihisho kwa nyekundu. Wachapishaji hawapokei madaftari. Steshenari wanachapa, lakini wanatoza kwa ukurasa, na kurasa zangu zimepita mia tatu. Hata yule dada angenipunguzia bei kwa ujirani, bado riwaya ingekula kodi ya chumba. Ndipo nikanunua laptopu ya mtumba. Memori gigabaiti 2, betri imekufa kabisa, ukichomoa waya inazima hapo hapo. Windows iliyokuwamo ilikuwa inaamka kwa muda ambao mama ntilie anageuza chapati tano.

Fundi mmoja wa Kariakoo aliifungua, akaifunga, akaniambia, "Dogo, mashine hii siyo mbovu, imebebeshwa tu. Weka Debian, halafu weka Xfce. Lakini usome kabla hujabonyeza."

"Nisome nini, kaka?"

"Inachokuuliza. Watu hawasomi, wanapiga ndiyo, ndiyo, ndiyo. Halafu wanarudi kwangu."

Akaniwekea Debian kwenye flashi, ile nakala ndogo inayokuja na msingi peke yake na kuyavuta mengine kwenye intaneti. Hapo kwenye kuvuta ndipo penye habari, maana intaneti yangu ni bando ya simu, na bando ya wiki ile ilikuwa megabaiti 500. Ikiisha, imeisha.

Kwa wasioijua, Debian ni mfumo endeshi wa bure ulioanzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock. Programu zake zimefungwa katika vifurushi. (Ndiyo, neno lile lile la kampuni za simu, ingawa hiki hakiishi muda wake.) Ukitaka kitu unaandika amri `apt install` na jina la kifurushi, kinaletwa. Kila kifurushi kina maelezo yake, na humo kimetaja wenzake kwa daraja. Daraja la kwanza linaitwa Depends: bila hawa mimi siwezi kufanya kazi. La pili ni Recommends: hawa kwa kawaida nakuwa nao, lakini wasipokuwepo sitakufa. La tatu, Suggests: ukipenda, shauri yako.

Wapo wanaoliita hilo la kwanza "wategemezi". Nawapinga. Mtegemezi kwa Kiswahili chetu ni yule anayelishwa, mdogo wako aliyetoka kijijini na begi moja akasema anakaa wiki mbili. Hapa mambo yamegeuka: anayekuja ndiye anayewategemea hao anaowaburuta. Mimi nawaita mategemeo. Hao wa daraja la pili nimewapa jina la wapambe, kwa sababu ndivyo walivyo. Harusi haiwi harusi bila bibi na bwana, na mashahidi lazima wawepo. Lakini wapambe, mpiga picha wa pili, na shangazi ambaye hakuna anayejua ni shangazi wa upande gani, hao wote huja kwa sababu ndivyo ilivyo desturi. Na kila mpambe anakuja na mategemeo yake na wapambe wake. Hapo ndipo pilau inapokwisha kabla wazee hawajala.

Zamani apt ilikuwa inaleta mategemeo tu. Tangu Debian 5.0, iliyotoka Februari 2009, inaleta na wapambe bila kuombwa. Sababu yao si mbaya: mtu mgeni akiweka programu, aipate nzima, asikute kitufe kisichofanya kazi. Sheria zao wenyewe zinasema Recommends ni vile vitu ambavyo utavikuta pamoja na kifurushi hicho isipokuwa katika hali zisizo za kawaida. Basi mimi na bando langu ni hali isiyo ya kawaida. Ila kwa Mbagala, jamani, hiyo ndiyo kawaida.

Usiku nilichomeka simu kwa waya wa USB, nikaanza kuiweka. Karibu na mwisho Debian inakuonyesha orodha ya maeneokazi, GNOME, Xfce, KDE, LXDE na mengine, na tayari imeshakuwekea alama kwenye GNOME. Wengi wanapita hapo wakidhani ni hatua ya lazima. Siyo. Nikaondoa alama zote nikabaki na msingi. Kompyuta ikawaka na skrini nyeusi yenye maandishi meupe, inasubiri niiambie.

Kwanza nilitaka kujua ukubwa wa mzigo. Nikaandika `apt install task-xfce-desktop`, kile kifurushi ambacho ile orodha ingekichukua kama ningechagua Xfce. apt haianzi kupakua papo hapo kama ina vitu vya ziada vya kuleta. Inaorodhesha majina, inasema itavuta megabaiti ngapi na itakula nafasi gani kwenye diski, halafu inauliza. Namba ilizidi bando langu. Nikajibu `n`, nikachukua daftari la sita, jipya, nikaanza kunakili majina. Msinicheke. Nilinakili mpaka saa nane usiku.

Kumbe LibreOffice nzima imo, pamoja na jedwali za mahesabu na slaidi za mikutano. Mimi nakwenda mkutano gani? Mle mle kuna xfce4-goodies, ambayo ni kapu la vikorokoro: kihariri cha maandishi, kitazama picha, na Xfburn, ambayo kazi yake ni kuchoma CD. Laptopu yangu sehemu ya CD ilishang'olewa na mwenye nayo wa kwanza, pamebaki tundu. Na hiyo ni Xfce, inayosifiwa kwa wepesi. Kifurushi cha gnome kwa miaka mingi kimekuwa kikipendekeza hata michezo, mahjong na chesi ndani yake.

Mengi ya majina haya ni vifurushi vitupu. Havina programu ndani, ni orodha tu ya kuita wengine, kama kadi ya mchango. task-xfce-desktop ni kadi. xfce4 yenyewe ni kadi pia, ila ni fupi: paneli, kidhibiti cha madirisha, mipangilio, Thunar ya kufungulia mafaili, na wachache wengine. Kwa hiyo nikaandika hivi:

`apt install --no-install-recommends xfce4 xorg xfce4-terminal mousepad`

Maneno yale marefu ya katikati ndiyo mlinzi wa getini: mategemeo yapite, wapambe wabaki nje. Nikimaanisha kila mpambe, wa xfce4 na wa kila kinachokuja nyuma yake. Ukiwazuia hivyo apt haiwafichi. Inawataja chini ya kichwa chao, kwamba hawa walipendekezwa na hawaji. Orodha hiyo ndiyo ya kusoma, na ndiyo fundi aliyokuwa akiisemea.

Kwa sababu wapambe wengine, mwenzangu, ni watu wa maana. Tazama hiyo xorg niliyoiandika kwa jina. Ndiyo inayochora picha kwenye skrini. Bila seva ya aina hiyo eneokazi halina pa kusimama. Lakini kwenye maelezo ya xfce4 imewekwa kwa wapambe, si kwa mategemeo. Ukimfungia nje kila mpambe bila kuangalia, unapata Xfce iliyokamilika na isiyoonekana. Mwingine ni gvfs. Thunar inafungua mafaili bila yeye, ila pipa la taka halipo, na flashi ukichomeka haijitokezi. Mtu anayeishi kwa flashi kama mimi hawezi kumwacha. Nikaiongeza kwa jina lake. LightDM, ile inayokupokea kwa kisanduku cha nywila, niliiacha. Naingia kwenye ile skrini nyeusi, naandika `startx`, eneokazi linafunguka. Kibanda kizima kinaamini mimi ni mtaalamu.

Namba ya pili iliyotokea ilikuwa chini ya nusu ya ile ya kwanza. Nikajibu `y`.

Iko njia ya kuwazuia wapambe moja kwa moja. Unaweka faili ndani ya /etc/apt/apt.conf.d, lenye mstari mmoja, `APT::Install-Recommends "false";`, na tangu siku hiyo hawaji tena mpaka uwaite. Wapo wanaoisifia sana. Mimi sikuiweka. Naona ni afadhali niandike kizuizi kwa mkono kila mara, maana nikikiandika ndipo ninapokumbuka kuisoma orodha. Mlango uliofungwa daima unasahau nani ulimfungia.

Jambo jingine ambalo sijaona likielezwa vizuri ni kutoa kitu baada ya kukiweka. apt inakumbuka kipi ulikiomba wewe na kipi kililetwa tu. Ukiondoa kitu kimoja ambacho xfce4 inakitegemea, ile kadi nayo inaondoka, na waliokuwa wameitwa nayo wanaweza kuhesabiwa yatima. Ukija kupiga `apt autoremove` inakuletea orodha ndefu ya yatima hao, nusu ya eneokazi lako imo. Wale unaowataka unawaandikisha kwanza kwa `apt-mark manual` na majina yao. Ni kama kuwapa watoto cheti cha kuzaliwa. Baada ya hapo hakuna anayeuliza walikuja na nani.

Nina mshikaji mmoja, mshairi, ambaye anaona haya yote ni ushamba. Yeye kompyuta yake ameweka kila kitu. "We unaandika riwaya au unachambua mchele?" aliniuliza. Nikamwambia vyote viwili. Lakini ana hoja pia, na siifichi. Mwenye intaneti ya ofisini na memori gigabaiti 16 hana haja ya daftari la sita. Wapambe wamekaa vizuri nyumbani kwake, na siku akitaka kuchapa kwenye printa atakuta kila kitu kipo. Mimi nitakuwa bado naita kimoja kimoja. Bei ya kuwazuia watu mlangoni ni kwamba lazima uwe umesimama mlangoni.

Halafu nikasoma historia ya Xfce, nikacheka peke yangu. Olivier Fourdan aliianza mwaka 1996 kwa kutumia XForms, zana za kujengea vitufe na madirisha ambazo hazikuwa huria. Red Hat wakaikataa kwa sababu hiyo hiyo: yeye mwenyewe wangemkaribisha, ila yule aliyekuja naye hapana. Mwaka 1999 Fourdan akaiandika upya juu ya GTK. GNOME nayo ilianza mwaka 1997 kwa ugomvi wa namna hiyo: KDE, iliyoanzishwa na Matthias Ettrich mwaka 1996, ilisimama juu ya Qt, na leseni ya Qt ya wakati ule haikuwaridhisha watu wa programu huria. Miguel de Icaza na Federico Mena wakaanza kujenga eneokazi lao. Nyumba mbili kati ya hizo tatu zinazokaa kwenye ile orodha ya Debian zimefika zilipofika kwa kubishana kuhusu nani kaja na nani.

Mousepad haina mapambo. Haihesabu kosa la tahajia wala haikuambii sentensi ni ndefu, na kwa Kiswahili hilo ni afueni. Nachapa asubuhi kabla ya kufungua kibanda na usiku umeme ukiwepo, na kwa kuwa betri haipo nimejizoeza kuhifadhi kila baada ya aya. Madaftari mawili yameshaingia. La tatu lina sura ambayo nilipoichapa niliona wahusika wanne wanaokuja na bwana harusi kutoka Tanga, wanakula, wanalala, wanaondoka, hakuna kinachobadilika. Wawili nimewatoa. Wa tatu ni mjomba mmoja mlevi. Huyu anafungua mlango katika sura ya kumi na moja, na bila yeye barua haifiki.