Nimenunua pikapu, lakini haina matairi!

Hapa Mpanda ukimwambia mtu umenunua pikapu, cha kwanza atakuuliza inabeba gunia ngapi. Cha pili, lini unampa lifti ya kwenda Karema. Ya kwangu, wapenzi wasomaji, haibebi hata kilo moja ya mchele. Ni vidude viwili vyeusi, virefu kama kidole, vinavyokaa chini ya nyuzi za gitaa la besi. Sisi wanamuziki tunaviita hivyohivyo, pikapu, na bila hivyo mpiga besi ni mtu anayekuna ubao tu.

Niseme mapema kilichonisukuma, maana si ubishoo. Bendi yetu ni ndogo, ya harusi, sendofu na kipaimara. Tuko watano, na mmoja wetu anapiga kinanda. Sasa vinanda vya siku hizi mnavijua: mkono wa kulia unaimba, wa kushoto unatoa besi, tena besi safi, iliyotulia, isiyodai nauli wala soda. Kiongozi wetu akaanza kupiga hesabu. Siku moja tukiwa tunapakia vyombo akanivuta pembeni.

"Mdogo wangu, gitaa lako linanguruma kama mashine ya kusaga, na ukipiga halisikiki. Kuanzia leo utachukua nusu. Likiendelea hivi, kinanda kinatosha."

Nusu! Na mwenye nyumba wangu pale Makanyagio hajui kitu kinachoitwa nusu. Lakini kwa masikio kaka yule alisema kweli tupu. Nikigusa nyuzi kelele hazipungui, nikiachia ni zilezile. Sauti yenyewe nyembamba, wee acha tu.

Gitaa langu ni la Kichina, limeiga Jazz Bass, ile aina ambayo kampuni ya Leo Fender ilianza kuiuza kule Marekani mwaka 1960 ikiwa na pikapu mbili. Washikaji wakanishauri niliuze ninunue jipya. Jipya la maana ni laki nane na kupanda. La bei poa linakuja na pikapu zilezile mbovu, ila rangi inang'aa. Halafu shingo ya hili langu imenyooka kama reli, na vidole vyangu vimeshalizoea. Nikabeba gitaa mgongoni hadi kwa mzee mmoja fundi redio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mlaze mgonjwa hapo mezani."

Akafungua skrubu, akatoa mita, akapima. Pikapu ya mbele ikasoma omu 7,000 na ushee. Nzuri. Ya nyuma haikusoma kitu. Mzee akasonya. "Huyu alishazikwa siku nyingi. Ulikuwa unapigia moja."

Kwa wasiojua, pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake unachezesha nguvu ya ile sumaku, na ndani ya waya kinazaliwa kijiumeme kidogo sana. Hicho ndicho kinachokwenda kwenye amplifaya kikakuzwa. Ndiyo maana ukifunga nyuzi za nailoni utapiga mpaka kesho, hata mbu hasikii. Na waya mwembamba kiasi hicho, jasho na kutu vikishaufikia, unakatika mahali ambapo hakuna jicho litakalopaona.

Sumaku nazo zina ukoo. Zinazosifiwa kwa besi ya namna hii ni za alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti, pamoja na chuma. Za bei nafuu nyingi ni za seramiki. Msidanganyike kwamba seramiki ni takataka, zipo zinazopiga vizuri tu. Mimi sikio langu lilipenda alniko, basi.

Nikaagiza pea Kariakoo kwa laki moja na ishirini. Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo sikilizeni: Jazz Bass halisi pikapu zake hazilingani urefu. Ya nyuma ni ndefu kuliko ya mbele kwa kama milimita 3. Magitaa mengi ya kuiga yana matundu mawili yanayolingana. Mzee alinipimisha kwa rula kabla sijatuma hata senti, na mzigo ulipoingia kwa basi la kupitia Tabora alijua kabisa kwamba tundu la nyuma litachongwa. Akalichonga kwa patasi, taratibu, kama anayemnyoa mtoto.

Vile vitufe vya kuzungushia sauti tuliviacha vya zamani, tukavisafisha. Nilitaka kuchukua vya redio vilivyojaa kwenye kopo lake, akakataa. Besi ya aina hii inataka vya omu 250,000, vile vya redio vilikuwa vya 10,000, na kitufe kidogo namna hiyo kinameza sauti ya juu yote. Kapasita alitoa kwenye redio mbovu. Watu mjini wanauziana kapasita kwa maneno matamu utadhani ni dawa ya mapenzi. Kama kipimo ni kilekile, yako na ya redio ni ndugu.

Kazi kubwa ikabaki kelele. Mzee akabandika karatasi ya alumini, ile ya kufungia chipsi, ndani ya matundu yote, akaibana kwa skrubu na waya wa ardhi kwa sababu alumini haishiki lehemu kirahisi. Kisha akakuta waya unaotoka kwenye daraja la nyuzi umening'inia hewani. Aliushika akanionyesha bila kusema neno. Huo waya, shilingi mia mbili haifiki.

Moshi wa lehemu ulipopanda akaanza stori. Lehemu anayotumia ni bati na risasi. Na risasi, mwanangu, ndiyo iliyoleta reli huku, ile ya kutoka Kaliua, iliyojengwa miaka ya mwisho ya 1940 kwa ajili ya machimbo ya Uruwira. Bila risasi, Mpanda ingekuwa Mpanda gani? Nikakubali. Halafu akanifukuza nikanawe mikono kabla ya kushika muhogo wake, kwani risasi ni sumu.

Tukawasha. Pikapu ya mbele peke yake, bomba. Ya nyuma peke yake, bomba. Zote mbili kwa pamoja... sauti ikakauka, kama mtu anaongea kwenye simu ya kichina. Mimi moyo paa! Laki na ishirini yangu! Mzee hata hakuinua kichwa. "Zinavutana. Huyu anasukuma, mwenzie anavuta." Akabadilisha nyaya mbili za pikapu moja, ya kushoto ikawa ya kulia. Nikagusa uzi mnene. Jamani, usipime. Kopo la vitufe lilitembea mezani. Na nikifungua zote mbili mpaka mwisho, mngurumo unakufa, kwa kuwa zimesukwa kinyume na kelele ya moja inafuta ya nyingine.

Kabla sijalipa elfu ishirini za ufundi alinishika mkono. Nyuzi zangu sasa zimeungwa na ardhi ya amplifaya. Ukumbi ukiwa na soketi zisizo na ardhi, au jenereta la kuungaunga, midomo ikigusa maikrofoni naweza kurushwa. "Pima soketi kwanza, sifa baadaye." Tangu siku hiyo natembea na testa mfukoni.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na harusi Nsemulwa. Nyimbo mbili za kwanza mpiga kinanda alikuwa bado na mkono wake wa kushoto chini. Wimbo wa tatu akaunyanyua, akaanza kunywa nao soda. Akina mama wakaingia uwanjani na vigelegele, na kiongozi akageuka kunitazama mara mbili.

Usiku wakati wa kugawana akanihesabia. Nusu, na elfu tano juu. "Hiyo ya juu ni ya gitaa," akasema. "Ya kwako tutaongea mwisho wa mwezi."