Pomerini Siyo Kijiji cha Mjerumani

Muhula uliopita nilipigiwa makofi kwenye mdahalo kwa maneno ambayo leo yananitia aibu. Mada ilikuwa majina ya kikoloni: yabaki au yafutwe? Mimi ni mtoto wa Mafinga, historia ya Wahehe nimeisikia tangu sijaanza shule. Nikasimama kwa mbwembwe. Nikaanza na Lugalo mwaka 1891, nikaja hadi Mkwawa alipojiua mwaka 1898 asikamatwe, nikaeleza fuvu lililopelekwa Ujerumani na kurudi Kalenga mwaka 1954. Kisha nikamalizia: "Na bado kule Kilolo kuna watu wanaishi kwenye kijiji cha Mjerumani, wanaona poa tu!"

Ukumbi ulilipuka. Mwenzangu wa chumba hakupiga makofi. Kwao ni Pomerini.

Siku tatu hatukusemeshana. Ya nne akaniambia, "Likizo ikianza, njoo nyumbani. Hayo maneno ukamwambie babu."

Ningekataa ningeonekana mwoga. Nikatoka Mafinga alfajiri, misonobari ya Sao Hill ikiwa bado ndani ya ukungu. Njiani tukapita Ifunda. Hapo palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu waliofukuzwa makwao wakaishia kwenye baridi yetu. Nilikuwa nalijua hilo, ila sikuona linanihusu nini. Iringa mjini nikabadilisha gari, tukaingia barabara ya vumbi jekundu.

Ukifika Pomerini unaona kanisa kubwa la Kilutheri, jumba la zamani la wamisheni, shule ya sekondari, mashamba ya mahindi, na wanafunzi waliovaa masweta mchana kweupe. Nilitegemea kuona Ujerumani ndogo. Nikaona kijiji cha kwetu kabisa.

Babu alitupokea kwa "Kamwene", akaniwekea kiti karibu na moto. Mwenzangu akanitazama. Ikabidi niseme yote niliyoyasema ukumbini, safari hii kwa sauti ya chini.

Babu hakukasirika. Alisema wamisheni wa Berlin walikipa kituo chao jina la kwao, Pommern, jimbo la pwani ya Bahari ya Baltiki. "Lakini mjukuu wangu, matofali ya kanisa lile unadhani yalifyatuliwa na Mjerumani? Ni baba zetu. Na Mkwawa unayenifundisha wewe, sisi tulikuwa tukimlilia kabla hujazaliwa."

Nikaomba radhi. Akasema, "Kula kwanza."

Usiku ule, kwenye simu, nikaanza kusoma habari za hiyo Pommern ya Ulaya. Baada ya vita, mwaka 1945, sehemu yake kubwa ilipewa Polandi, na Wajerumani waliokuwa wakiishi huko wakafukuzwa. Kipande kilichobaki Ujerumani leo ni sehemu tu ya jimbo jingine. Nikakumbuka Ifunda. Vita ileile iliyowaleta Wapolandi kwenye barabara yetu ndiyo iliyoifuta Pommern kule. Huku Kilolo jina linaendelea kuitwa kila siku: kwenye vyeti vya shule, kwenye harusi, kwa kondakta anayegombania abiria.

Tena haliitwi Pommern. Wenyeji wamelivalisha Kiswahili, likatua kwenye masikio yetu kama mjini, shambani, kanisani: Pomerini. Miaka yote hiyo wamekuwa wakilifanya lao, bila kusubiri mdahalo wa wasomi.

Sijabadilika kabisa. Bado naamini yapo majina ya kuhojiwa, na damu ya Lugalo siyo ya kusahau. Kosa langu ni kwamba nilitaka kumvua mtu jina la kwao bila kumuuliza, na hiyo nayo ni tabia ya mkoloni. Mdahalo ujao nitaomba dakika mbili niyaseme haya mbele ya watu walewale walionipigia makofi.

Niliporudi Mafinga, mama alikuta mfuko wa njegere jikoni.

"Zimetoka wapi nzuri hivi?"

"Pomerini," nikamjibu.

Akaanza kuzimenya.