Viraka vimejaa Isevya, mnaniagiza vya Marekani



Mpwa wangu wa Isevya, Tabora, ameniletea kwa simu orodha ndefu kuliko ya mahari. Anataka kujifunza kushona mfarishi wa viraka, yaani shuka nene la kujifunika, na ameshaamua kwamba kazi haiwezi kuanza mpaka shangazi atume mzigo: vitambaa vilivyokwisha kukatwa, kisu cha duara kinachozunguka, ubao wa kukatia na pamba ya kuweka katikati. Mwisho akaandika, "Shangazi, huku hakuna vitambaa." Hapo nikaona nisimjibu peke yake, niwajibu nyote, watu wa Tabora, maana ugonjwa huu wa kungoja mzigo kutoka nje si wa mtu mmoja.

Niwaeleze huku Lowell, Massachusetts, mambo yalivyo. Kuna maduka yanayouza vitambaa vya mifarishi tu. Mtu huingia akanunua pamba mpya, safi, yadi moja kwa zaidi ya dola 10, akaenda nayo nyumbani akaikatakata vipande vipande, kisha akavishona vipande vile virudi kuwa nguo moja. Asiye na nafasi ya kukata hununua miraba ya inchi 5 iliyokatwa kiwandani, imefungwa kwa utepe. Mji huu una hata jumba la makumbusho la mifarishi, New England Quilt Museum, lililoanzishwa mwaka 1987. Watu hulipa kiingilio wakatazame viraka! Kwa ufupi, huku wananunua nguo nzima ili wapate viraka. Kwetu viraka vinafagiliwa jioni chini ya meza ya fundi na kutiwa kiberiti, halafu tunasema vitambaa hakuna.

Msidhani kazi hii ilianzia kwa wenye kabati zilizojaa. Huko Gee's Bend, Alabama, kina mama weusi wa kijijini walishona mifarishi kwa suruali za shambani zilizochakaa magotini na kwa magunia, ili watoto wasipigwe na baridi. Mwaka 2002 mifarishi hiyo hiyo ilitundikwa katika jumba la sanaa la Whitney, New York, na mwaka 2006 Posta ya Marekani ikaitolea stempu. Hakuna aliyewatumia kina mama wale mzigo kutoka ng'ambo.

Na sisi wa Unyanyembe, nchi ya Tabora, ndio wa mwisho kuruhusiwa kulia hatuna nguo. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said wa Unguja, na meli za Salem, mji usio mbali na hapa nilipo, zikawa zikishusha majora ya merikani, yaani kitambaa cha pamba cha Marekani, huko Unguja. Nani aliyafikisha bara? Wapagazi wa Kinyamwezi. Mzigo wa kilo 30 na ushee begani, kutoka Bagamoyo, kukatiza Ugogo walikotozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa nguo hiyo hiyo, hadi Tabora, na wengine wakaendelea mpaka Ujiji. Mwingereza Richard Burton alipoingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, merikani na kaniki zilikuwa miongoni mwa fedha za njia nzima. Babu zetu walitembea miezi na nguo ya Massachusetts begani. Wajukuu mnataka niilete kwa ndege hadi mlangoni. Watani wetu Wazaramo wakisikia, tutakoma.

Basi mpwa wangu, chukua kalamu. Nenda kwa mafundi wa sokoni uombe mabaki ya vitenge na kanga. Chomoa uzi uuchome: pamba huungua ikawa majivu laini yenye harufu ya karatasi; nailoni na jamii yake huyeyuka ikaacha shanga ngumu. Chukua pamba tupu, kwani vitambaa vya asili mbalimbali havikubaliani na pasi moja. Fua kila kitu kabla ya kukata. Kitenge kipya kina wanga, na hurudi kikifuliwa. Ukishona kwanza na kufua baadaye, mfarishi utajikunja wote. Chenye kuchuja rangi kifue peke yake mpaka maji yatoke meupe, la sivyo kiweke kando.

Kisu cha duara hukihitaji. Kata mraba mmoja wa inchi 5 kwa kadibodi ngumu, uwe ndio kipimo chako, na uchore kwa chaki. Fuata mtande na mshindio. Ukikata mshazari, kiraka kitavutika na pembe hazitakutana. Anza na mfarishi wa mtoto: miraba 8 kwa 10, jumla 80. Kila mshono uache robo inchi pembeni, si zaidi, si pungufu. Ukimaliza utapata inchi 36 kwa 45. Cherehani ya miguu inatosha, na hata sindano ya mkono inatosha ukivaa subana.

Kila mshono ukishashonwa, upige pasi. Mstari wa kwanza mishono ilale kulia, wa pili kushoto. Hapo pembe zitakaa sawa zenyewe. Katikati weka blanketi kuukuu lililokwisha kufuliwa. Usijaze pamba ya Igunga kama ilivyotoka shambani, maana ukifua mara mbili yote itakimbilia kona moja. Chini weka kanga moja nzima iwe bitana. Tandaza tabaka zote tatu sakafuni, piga bandi kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha shona mistari inayopita tabaka zote, isiachane zaidi ya kiganja. Malizia pindo kwa utepe uliokatwa wewe mwenyewe. Na rangi? Changanya za giza na za mwanga. Ukiweka zenye kupiga kelele zote pamoja, hakuna itakayosikika.

Sasa niwagombeze kidogo. Baridi ya Tabora ya Juni na Julai, alfajiri, mnaijua. Mnajifunika blanketi la plastiki la mtumba linalotoa cheche gizani, na kanga ya pamba ya bibi mmeifanya tambara la deki. Binti akiona kitu kizuri kwenye simu, fikra yake ya kwanza ni nani yuko nje wa kumtumia. Kipaji mnacho, nimewaona wasichana wa mtaa wenu wa Ng'ambo wakidarizi vitambaa vya makochi kwa mkono ulionyooka kuliko wa wengi wa huku wenye mashine za bei ya pikipiki. Kilichopungua ni kuheshimu kilichopo mkononi.

Mzigo situmi. Na ninyi mafundi wa Tabora, nawaomba: kila jioni wekeni viraka vya pamba kwenye kiroba badala ya kuvichoma, mwauzie mabinti kwa kilo. Mtapata hela ya uzi, na wao watapata pa kuanzia.