Kifo cha Mfalme Ermanaric



Kila mwaka nifundishapo fasihi simulizi, huwaeleza wanafunzi habari za Ermanaric, mfalme wa Wagothi waliokaa kaskazini ya Bahari Nyeusi katika karne ya 4. Huwapa masimulizi matatu ya kifo chake, kwa kufuata miaka.

La kwanza ni la Ammianus Marcellinus, askari wa Kirumi aliyekuja kuwa mwanahistoria, aliyeandika katika karne ile ile. Asema kuwa Wahunni walipoivamia nchi katika miaka ya 370, mfalme huyo aliyeogopwa na majirani zake alijitahidi kusimama imara, kisha hofu ikamzidi, akajiua.

Mwaka 551 Jordanes aeleza mengine. Mtu mmoja alimsaliti mfalme, naye kwa hasira akaamuru mke wa mtu huyo, Sunilda, afungwe kwenye farasi wakali araruliwe. Kaka zake, Sarus na Ammius, wakamchoma mfalme ubavuni. Jeraha hilo, pamoja na uchungu wa kuvamiwa, vikamuua akiwa na umri wa miaka 110.

Katika ushairi wa Iceland ulioandikwa karne ya 13, Sunilda amekuwa Svanhild, mke wa mfalme mwenyewe, na ndugu zake wamkata mfalme mikono na miguu. Habari ya kujiua imefutika kabisa.

Wanafunzi hulipenda hili la tatu. Mimi hurudi kwenye la kwanza, nami nina sababu. Ami yangu alijiua nilipokuwa na umri wa miaka 12. Nyumbani hakuna aliyethubutu kulitamka neno hilo. Kabla ya arobaini, kifo kile kilikwisha kupatiwa mwenyewe: jirani yetu, bibi kizee mjane, ambaye ati alimroga. Alifunga mizigo yake akahama, shamba lake likamea magugu. Sisi tukafarijika.

Sisemi kuwa masimulizi ni uongo. Ndiyo riziki yetu. Lakini moyo wa mfiwa haukubali upesi kifo kisicho na muuaji, na masimulizi huweza kumtafutia mmoja. Ermanaric hakudhurika, kwani alikwisha kufa. Bibi yule alikuwa hai.

Kwa hiyo, kabla hatujazungumzia fani wala maudhui, huwauliza wanafunzi wangu maswali mawili: ni nani aliyesimulia kwanza, na ni nani aliyetwishwa lawama baadaye?